Dalali anataka mikorosho ya marehemu baba

SWALI: Bibi Shamba, shikamoo. Baba alituachia ekari tatu za mikorosho huku Mkuranga. Kaja dalali, anasema kila ekari itatoa viwanja kumi vya ishirini kwa ishirini. Kaka yetu mkubwa ameshapokea kishika uchumba. Mama na mimi hatutaki kuuza, ila majirani wa upande wa barabarani wameshauza. Tuna la kufanya?
Binti wa Mkuranga

JIBU: Marahaba, mwanangu. Kwanza hesabu ya dalali, maana ndiyo inayowatia watu wazimu. Ekari ni kama mita za mraba 4,047. Gawa kwa 400 za kiwanja kimoja, viwanja kumi unavipata kweli, lakini hakuna hata njia ya kupitisha jeneza. Ukitoa barabara utabaki na saba, nane ukibahatika.

Kaka hana mamlaka ya kuuza peke yake. Mali ya marehemu inasimamiwa na msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama. Fanyeni kikao cha ukoo, andikeni muhtasari, mwende nao Mahakama ya Mwanzo pamoja na cheti cha kifo. Dalali apewe taarifa leo, mbele ya mwenyekiti wa kijiji, na pesa yake irudi kabla haijaliwa. (Ikishaliwa, huyo kaka atakuja kuwapigia magoti ninyi.)

Mkishagawana, fuatilieni hati ya hakimiliki ya kimila kwa Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999. Hiyo ni kama bado mko kijijini. Kama eneo limeshatangazwa kuwa la mipango miji, anzieni ofisi ya ardhi ya wilaya.

Hati peke yake haitawaokoa, lakini. Mimi nimeona mikorosho iliyobaki katikati ya nyumba. Ubwiriunga, ule ugonjwa wa ukungu wa mikorosho, unaingia, unataka kupulizia salfa, jirani anafungua dirisha anapiga kelele kwamba mtoto wake anakohoa. Korosho zikidondoka, zinaokotwa kabla hujaamka. Ndiyo maana mnahitaji wenzenu. Tafuteni wote ambao hawajauza, muingie pamoja mkutano mkuu wa kijiji, muulize: mpango wa matumizi ya ardhi upo? Sheria ya Mipango ya Matumizi ya Ardhi ya 2007 inauruhusu. Kama haupo, dai lenu liwe huo mpango, na ukanda wenu uandikwe kilimo. Sauti ya mama mjane mmoja hupuuzwa. Kaya kumi na tano zikisimama, mtendaji ataandika.

Halafu palilieni. Shamba lililoota pori ndilo dalali analipigia picha.