Mdogo wangu haongei na halali, nimpeleke wapi?

Dada pole sana. Umesema mdogo wako ana miaka 19, alibakwa na ndugu wa karibu miaka miwili iliyopita, halali na nyumbani wanataka yaishe kimya kimya, sasa mi nakuambia usimlazimishe akuhadithie, mwambie tu unamwamini.

Hapo Uyole panda daladala mje Mbeya mjini, hospitali ya rufaa, ulizia ustawi wa jamii au kituo cha mkono kwa mkono (pale waathirika wa ukatili wanapata huduma zote sehemu moja), sema tu unataka mshauri wa waathirika wa ukatili, usianze kueleza kila kitu pale dirishani watu wote wasikie. Kama anataka wa kike aseme, ni haki yake.

Mi nilimpeleka binamu yangu, mshauri wa kwanza akamuuliza alikuwa kavaa nini, tukatoka tukatafuta mwingine. Na huyo wa pili siku ya kwanza waliongea habari za viazi vya kwao tu, binamu kashika ncha ya kanga anaikunja anaikunjua, mara ya nne ndo akalia.

Polisi kuna dawati la jinsia, wanapokea kesi za ukatili kama huu, ila kushtaki aamue mwenyewe. Na mtu akibakwa leo, hospitali ndani ya saa 72 kwa dawa za kukinga VVU, asioge kwanza ushahidi usipotee.