Mwenzangu asiyeamini Mungu ametenda wema kunishinda. Wema wa Mkristo ni upi?

SWALI: Bwana Yesu asifiwe, mtumishi. Kazini kwetu yupo mwenzetu asiyeamini kabisa kwamba Mungu yupo. Mwezi fulani watu watatu tuliingiziwa mshahara uliozidi kwa makosa. Yeye alikwenda mwenyewe kwa mhasibu akaurudisha. Sisi wawili tuliookoka tulinyamaza, na mimi nikatoa sehemu ya fedha ile kanisani nikijiambia ni baraka. Sasa roho inanisuta. Wema wa mtu yule una maana yoyote mbele za Mungu? Na wema wetu sisi ni upi?

JIBU: Amina, ndugu yangu. Alichofanya mwenzako ni chema, na usitafute namna ya kukipunguza. Wapo watakaokukimbilia na Isaya 64:6, kwamba matendo yetu ya haki ni kama nguo iliyotiwa unajisi. Usome mlango wote: nabii yuko katika maombi ya toba, anaungama kwa ajili ya watu wa agano, akijihesabu yeye mwenyewe ndani yao. Ni vigumu kuuchukua mstari huo na kuwarushia watu wa nje huku sisi tumekaa pembeni.

Tazama badala yake Matendo 28. Meli ya Paulo imevunjika, watu 276 wamefika pwani ya Malta wakiwa wamelowa, mvua inanyesha na kuna baridi. Wenyeji, ambao hawajapata kuisikia Injili, wanawawashia moto na kuwakaribisha wote. Luka, mwandishi wa kitabu hicho, anaandika wazi kwamba walitendewa fadhili zisizo za kawaida, wala haongezi neno la kuutia wema huo dosari. Paulo naye, katika Warumi 2:14-15, anasema watu wa mataifa wasio na torati huonyesha kazi ya torati iliyoandikwa mioyoni mwao, dhamiri ikiwashuhudia. Kwa hiyo mwenzako anaweza kumkana Mungu kwa kinywa na bado akaitii dhamiri ambayo Mungu ndiye aliyempa.

Hapo ndipo Mkristo anapoanzia kuueleza wema. Kijana tajiri alipomwita Yesu mwalimu mwema, alijibiwa: “Hakuna aliye mwema ila mmoja, ndiye Mungu” (Marko 10:18). Wema una kipimo kimoja, nacho ni Mungu mwenyewe alivyo. Wengine huuliza kama jambo huwa jema kwa sababu tu Mungu ameliamuru, maana yake angeweza kesho kuamuru wizi nao ukawa mwema. Haiwezekani. Amri zake zinatoka katika tabia yake, na tabia yake haigeuki: anakataza kuiba kwa kuwa yeye ni mwenye haki.

Sasa tupime tendo. Walimu wa Kanisa, na aliyelieleza kwa utaratibu zaidi ni Thomas Aquinas wa karne ya 13, hutazama mambo matatu: tendo lenyewe, nia ya mtendaji, na mazingira ya tendo. Yote matatu yawe sawa ndipo tendo liwe jema kwa ukamilifu. Likiharibika moja, tendo zima limeingia kasoro. Nia njema haiwezi kulisafisha tendo baya. Paulo alipozushiwa kwamba anafundisha watu watende mabaya ili yaje mema, alilikana neno hilo kwa ukali (Warumi 3:8). Na nia mbaya hulichafua tendo zuri: anayetoa sadaka ili atazamwe na watu, Yesu anasema amekwisha kupata thawabu yake (Mathayo 6:2).

Ipitishe sadaka yako hapo. Kutoa ni tendo jema, hilo halina ubishi. Nia, kwa maelezo yako mwenyewe, ilikuwa imechanganyika: ulitaka kumshukuru Mungu, na pia ulitaka dhamiri inyamaze. Lakini mazingira ndiyo yaliyoiangusha, kwa kuwa fedha haikuwa yako. Na kule kukaa kimya usikuhesabu kuwa si kitu. Yakobo 4:17 inasema ajuaye kutenda mema wala hayatendi, kwake huyo ni dhambi.

Sehemu ya pili ya swali lako inataka uangalifu. Tendo jema na mtu kuhesabiwa haki mbele za Mungu ni mambo mawili. Pelagio, mwalimu wa Kikristo wa zamani, alifundisha kwamba mwanadamu anaweza kwa nguvu zake mwenyewe kuishi bila dhambi. Askofu Agostino akampinga, na mtaguso, yaani mkutano wa maaskofu, wa Karthago, Afrika Kaskazini, wa mwaka 418 ukayakataa mafundisho hayo. Mwenzako hajajipatia wokovu kwa kurudisha mshahara, kama wewe usivyoupata kwa kuhudhuria ibada. Waefeso 2:8-10 ina mpangilio wake: tumeokolewa kwa neema kwa njia ya imani, wala si kwa matendo, kisha tumeumbwa katika Kristo tutende matendo mema. Wengi husoma mistari ya 8 na 9 wakafunga kitabu kabla ya kufika wa 10. Wakatoliki na Walutheri walibishana juu ya jambo hili kwa karne nyingi, lakini katika tamko la pamoja walilotia sahihi mwaka 1999 walikubaliana kwamba tunapokelewa na Mungu kwa neema pekee, na kwamba Roho hutufanya upya na kutuita tutende mema. Kwa hiyo wema wa Mkristo ni tunda. Lisipoonekana, mwenye mti ana haki ya kuuliza kuna nini.

Basi tuje kwenye fedha, maana toba yako itaonekana hapo. Torati iliweka utaratibu. Hesabu 5:7 inamtaka mkosaji aungame, arudishe kitu kamili na aongeze sehemu ya tano: aliyechukua 100 alirudisha 120. Mstari wa 8 unaonyesha fedha inakwenda wapi: kwa aliyekosewa, kama hayupo, kwa jamaa yake wa karibu, jamaa naye akikosekana, ndipo iende kwa Bwana kupitia kuhani. Angalia madhabahu imewekwa wapi katika foleni hiyo. Wewe umeanzia mwisho. Zakayo, mtoza ushuru aliyetubu, aliahidi kurudisha mara nne (Luka 19:8), kiwango cha mwizi wa kondoo katika Kutoka 22:1. Alijihukumu kwa sheria nzito zaidi bila kushurutishwa.

Hatufungwi na viwango hivyo vya Israeli, lakini kurudisha chenye mwenyewe hakujafutwa. Chukua hati yako ya mshahara, hesabu kiasi kilichozidi, nenda kwa mhasibu ukiri kwamba ulijua ukanyamaza. Usiseme umegundua leo. Utakuwa unatubu kosa moja kwa kutenda lingine. Kama huna fedha yote, omba ikatwe kwa awamu na mwandikiane. Wakiamua kukusamehe deni, pokea kwa shukrani. Wakikupa onyo, pokea vilevile.

Kile ulichotoa kanisani usikidai, wala usikitoe katika hesabu ya deni. Kijazie kutoka mfukoni mwako.

Yule mwamini mwenzako usimtaje ofisini kabla hujazungumza naye ninyi wawili peke yenu, kama Mathayo 18:15 inavyoelekeza, na umwendee ukiwa umekwisha kurudisha yako.