Kuthibitisha chuo baada ya kuchaguliwa zaidi ya kimoja

Mdogo wangu wa Ilemela, umeuliza ufanyeje baada ya kuchaguliwa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na Sokoine kwa pamoja. Kwa utaratibu wa TCU (Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania), unapaswa kuthibitisha kimoja tu, kwa kuingiza namba maalumu inayotumwa kwa ujumbe wa simu au barua pepe katika akaunti yako ya chuo unachokitaka, kabla muda haujafungwa. Kwa kuwa laini uliyojaza ni ya mjomba aliyeko dagaani Ukerewe (kosa la wengi), ingia kwenye akaunti hiyo uombe namba itumwe upya, naye apigiwe mapema. Kuhusu uchaguzi wenyewe, nakushauri utazame kozi, si jiji. Mkopo wa HESLB (Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu) huombwa kando.