Upepo wa matairi kwa Probox inayobeba viazi

Swali: Nina Toyota Probox, nabeba viazi kutoka mashambani Njombe hadi Makambako, magunia manne ya lumbesa kila safari. Fundi mmoja ananiambia nijaze 50 matairi yote, kwa kuwa ndiyo namba iliyoandikwa ubavuni. Mwingine anasema nipunguze, maana upepo hupanda tairi likipata moto. Nimsikilize nani?

Jibu: Ndugu yangu, wote wawili waache, na huyo wa pili mwogope zaidi. Tairi lenye upepo mdogo likibebeshwa mzigo hulala. Kila linapozunguka, ubavu wake unakunjwa na kunyooshwa, na kukunjwa huko ndiko kunakozaa joto, hadi mpira uachane na nyuzi na tairi lipasuke. Upepo kupanda kidogo safarini ni kawaida, na waliounda tairi wamelihesabu hilo. Pima asubuhi, gari likiwa halijatembea, na usitoe upepo kwenye tairi la moto.

Namba ya ubavuni ni kikomo cha tairi lenyewe. Fungua mlango wa dereva, utaona kibandiko kwenye nguzo yake. Magari ya Japani huandika kwa kipimo cha kPa, kwa hiyo gawanya kwa 6.9 upate PSI, kipimo cha ile 50 ya fundi: 240 ni kama 35, 350 inakaribia 51. Soma ya mbele na ya nyuma kila moja peke yake. Mzigo wako unakaa nyuma. Ukijaza mno mbele, gari litarukaruka na breki hazitashika vizuri.

Ila kibandiko kinazungumzia matairi yaliyokuja na gari. Magari mengi hapa yameshafungwa matairi ya gari dogo. Angalia namba inayofuata saizi: 84 ni uwezo wa kubeba kilo 500 kwa tairi moja, 88 ni kilo 560. Tairi la mzigo huwa na herufi LT au C. Kama lako halina, kikomo chake cha upepo kinaweza kuwa chini ya kinachodaiwa na kibandiko, na hapo dawa ni kubadili matairi.

Halafu uzito. Probox ya mzigo hubeba kilo 400 ikiwa na watu wawili. Lumbesa moja inapita kilo 100, kwa hiyo manne yameshazidi, na hakuna upepo utakaoziongezea nguvu springi, ekseli wala breki. Najua gunia la nne lina faida yako. Hata hivyo beba matatu, na spea uipime siku hiyo hiyo.