Vifo vya ziada Dodoma: daftari la makaburi linatosha?

Ndugu, umeuliza kama daftari la makaburi pekee linatosha kukadiria vifo vya ziada, yaani vilivyozidi vya miaka ya kawaida, vya 2020 na 2021 hapa Dodoma. Peke yake halitoshi. Aliyefia mjini huenda akazikwa Kondoa au Mpwapwa, kwa hiyo lisome pamoja na daftari la mochwari.

Andika tarehe ya kufa, si ya kusajiliwa; wengi hufuata cheti cha kifo RITA, wakala wa serikali wa usajili, mirathi inapowabana, pengine miaka imepita.

Wastani wa vifo wa 2015–2019, ulio kipimo cha miaka ya kawaida, usiutumie mbichi. Mji umefurika tangu serikali ihamie, hivyo gawa kwanza vifo kwa idadi ya watu, ukikadiria kila mwaka kati ya sensa za 2012 na 2022. Linganisha Machi na Machi, maana malaria hufuata mvua. Kisha zidisha kiwango cha 2015–2019 kwa idadi ya watu ya 2020 au 2021 upate vifo vilivyotarajiwa, ndipo uvitoe kwenye vilivyotokea. Jibu likiwa hasi, kagua kwanza kurasa zilizochanika.