Gunia "halijashiba"

Mhariri, wiki hii mmeuliza: ukipewa jambo moja tu la kurekebisha ili chakula cha nchi hii kimtendee haki anayelima na anayekula, na ardhi nayo isichoke, ungeanza wapi? Mimi ningeanza na mizani. Nalima viazi mviringo Isyonje, kwenye barabara ya Mbeya kwenda Tukuyu.

Msimu uliopita niliuza magunia 20. Fuso likaegeshwa kando ya shamba, wafungashaji wakashuka. Gunia likijaa hadi mdomoni ungedhani limejaa. Kumbe hapo ndipo wanapoanza: linatikiswa, linagongwagongwa chini, viazi vinapangwa kimoja kimoja juu ya mdomo, kisha kamba inasukwa kuvizunguka mpaka gunia linavaa kilemba. Nilipomwambia dalali basi, imetosha, akacheka. "Mama, hili bado halijashiba." Ni kijana wa jirani yangu huyo, na shikamoo hajaninyima hata siku moja.

Gunia moja nikalizuia. Bahati siku hiyo wanunuzi wa parachichi walikuwa kijijini na mizani yao, nikaomba tulipandishe. Kilo 138. Nami nililipwa sh 60,000 kwa gunia, liwe limevaa kilemba au halikuvaa. Zile 38 zilizozidi 100 ukizidisha mara 20 unapata kilo 760, yaani magunia saba na ushee niliyoyapalilia na kuyapigia dawa ya ukungu, yakaondoka bure. Parachichi la kwenda Ulaya linapimwa kwa kilo, kiazi cha kwenda Dar kinapimwa kwa macho.

Kujaza gunia kupita kiasi namna hii ndiyo lumbesa, na lumbesa ni kosa kisheria, Wakala wa Vipimo wamelisema miaka nenda rudi: mazao yauzwe kwa mizani, gunia lisizidi kilo 100. Mwulize pia kibarua anayelibeba mgongoni akipanda nalo ubao wa fuso.

Wiki ileile nilikuwa soko la Mwanjelwa, Mbeya mjini. Nikanunua fungu la viazi la sh 1,000, nikaingia nalo buchani nikaomba wanipimie. Muuza nyama alinitazama kama mtu aliyepungukiwa, lakini akapima: gramu 900 na kidogo. Kwangu kilo ilitoka kwa sh 435 hivi, mjini imevuka 1,000. Simlaumu mama wa genge, naye analipa usafiri, anatupa vilivyooza, ana watoto. Ila mkulima na mlaji wote wawili wanauziana na watu wasiowaonyesha kilo.

Tangu 2022 serikali inatoa ruzuku ya mbolea. Nimejiandikisha, nimenunua kwa bei ya ruzuku, nashukuru. Lakini mbolea ile iko ndani ya kile kilemba. Ruzuku ya mkulima inapanda fuso na kuondoka, na hakuna anayeiandika popote. Ili nifidie pengo napanda tena palepale bila kupumzisha shamba, ugonjwa wa mnyauko unazidi, na wenzangu wanapandisha majembe mlimani. Mvua kubwa zikija, udongo wao tunaukuta barabarani.

Halafu tunashangaa takwimu. Utafiti wa afya wa kitaifa wa 2022 ulikuta udumavu kwa watoto wa chini ya miaka mitano Iringa ukikaribia asilimia 57, Njombe na Rukwa kama nusu ya watoto, wakati wastani wa nchi ni 30. Mikoa hiyohiyo inayolisha wengine! Sisemi lumbesa ndiyo sababu. Mama anayeshinda shambani hapati muda wa kumlisha mtoto mara tano, na ugali mtupu ni ugali mtupu hata ghala likiwa limejaa. Lakini tukiambiwa tuwape watoto mayai, wengi tunafuga kuku tayari. Mayai tunayauza, kwa sababu viazi havikutosha kulipa ada. Kijijini kwetu mizani ya kudumu ni moja tu, ile ya kliniki ya watoto.

Kugoma tumejaribu. Siku nne tulikataa kilemba, ya tano fuso likavuka kwenda kijiji cha pili, viazi vyetu vikaanza kuota ndani. Kiazi si mahindi, hakisubiri Wakala wa Hifadhi ya Chakula waje kununua. Kwa hiyo msituambie tuungane tu. Kwetu ushuru unalipwa kwa gunia, na nauli ya fuso ni hivyohivyo, ndiyo maana mfanyabiashara anataka magunia machache yaliyonona. Wekeni mizani kwenye geti la ushuru, utozwe kwa kilo, katika wilaya zote zinazolima viazi kwa siku moja. Kilemba hakitakuwa na faida kwa mtu.

Nilimweleza dalali wangu wazo hilo. Akafikiri, akasema ikiwa hivyo hata yeye atanunua mizani yake. Kisha akaniuliza vya Juni nitavichimba lini, maana ameshapata kamba mpya.