Shangazi, nimnyime baba yake kumwona mtoto?

*Shangazi shikamoo. Niliachana na mzazi mwenzangu mwaka juzi. Mtoto wetu wa miaka 8 naishi naye Mbagala, baba yake yuko Morogoro na matumizi anatuma akijisikia. Nimemwambia bila hela hamwoni mtoto. Akipiga simu nampa mtoto amuulize hela iko wapi. Sasa mtoto anakojoa kitandani na shule hataki. Nifanyeje?*

Marahaba, mwanangu. Uchovu wako nimeuona, na baba huyo anakosea. Ila umefunga mambo mawili fundo moja. Matunzo ni haki ya mtoto, na kuonana na baba yake ni haki yake pia. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inazilinda zote mbili. Ukiwazuia wasionane, mtoto analipishwa deni asilolikopa.

Hilo la simu ndilo lililoniuma zaidi. Mtoto akitumwa kudai, anaanza kuamini kwamba ugomvi umeletwa na yeye: sare yake, chakula chake. Akiwa kwako anaogopa kumtaja baba, akiwa na baba anaogopa kukutaja wewe. Hofu ya namna hiyo haina pa kutokea mchana. Usimchape wala kumwaibisha kwa kukojoa. Mpeleke pia kituo cha afya wamwangalie.

Hela idai mwenyewe, kwa ujumbe unaotaja kitu na bei tu: "Viatu vya shule, 25,000, kabla ya Jumatatu." Ya zamani usiyaguse hata kwa neno moja, hata akikuchokoza.

Kisha nenda ustawi wa jamii pale manispaa ya Temeke. Wakili huhitaji. Afisa atamwita mwenzako, mkae, muandike nani anatoa nini, tarehe ngapi, na likizo ya Juni na Desemba mtoto anakaa wapi. Kama aliwahi kukupiga, mwambie afisa mapema, kabla hamjakutanishwa. Na baba akipuuza wito au akivunja mliyoandikishana, mahakama ya watoto ina uwezo wa kumwamuru alipe matunzo.

Hayo yatachukua siku. Leo jioni mpigie baba yake, mwambie mtoto anataka kumsalimia, umpe simu, halafu wewe toka nje uwaache waongee.